Dawa, Tawa, Ndawa

Simama jioni kwenye duka la dawa Kawangware, Nairobi, usikilize wateja. Mmoja anataka dawa, wa pili tawa, wa tatu ndawa. Muuzaji hababaiki. Anawaelewa wote, na huenda keshakisia nani kwao Bungoma na nani kwao Murang'a kabla hajapokea pesa.

Mitaani husemwa kwamba anayetamka hivyo anashrabu, yaani anaharibu matamshi, hajui Kiswahili. Fonetiki inasema vingine. Unapotamka d, nyuzi za sauti kooni huanza kutetemeka mapema. Unapotamka t huchelewa, tena kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Kibukusu cha Bungoma, mojawapo ya lugha za Waluhya, kina d na g, ila huzitumia baada ya n tu. Ndiyo maana mzee wa Kibukusu aliyeomba tawa atataja nguo na ndoo bila kukwama, halafu gari aliite kari. Ulimi wake unaiweza d, unaiweza g. Unachofanya ni kufuata kanuni. Kikuyu cha Murang'a nacho kina d baada ya n tu. Pengo ni lilelile, lakini Mkikuyu huliziba kwa njia yake: haigeuzi d kuwa t, bali huitangulizia ile n, akapata ndawa. Mjaluo wa Gatwekera, kule Kibera, hana shida na dawa kwa kuwa Kijaluo kina d inayojitegemea. Kinachomsumbua ni sh na z, hivyo shule huwa sule na zawadi huwa sawadi. Sioni uzembe wowote hapa. Naona akili inayopanga sauti ngeni kwa utaratibu usioyumba, bila mwenyewe kufundishwa.

Utaratibu huo hujengwa mapema sana. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, watafiti wa Kanada, walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 waliolelewa kwa Kiingereza walitofautisha sauti za Kihindi ambazo hazimo katika Kiingereza. Kufikia miezi 10 hadi 12 uwezo huo ulikuwa umefifia. Sikio huchagua lugha ya nyumbani kabla mtoto hajaweza kuunda sentensi.

Kinachoumiza ni hukumu ya msikilizaji. Huko Montreal, mwanasaikolojia Wallace Lambert na wenzake walichapisha mwaka 1960 jaribio ambalo watu walewale walirekodiwa wakisoma kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza. Wasikilizaji hawakujua kwamba ni watu walewale, na wakamwona msemaji mwerevu zaidi aliposoma kwa Kiingereza. Hata wasikilizaji Wafaransa wa Kanada waliishusha lugha yao wenyewe. Sisi tumekuzwa na kipindi cha vichekesho cha Vioja Mahakamani, tukacheka lafudhi za makabila yote kwa usawa, na kicheko hicho kina undugu ndani yake. Lakini baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera ilipowaka kwa ghasia, kutambulika kabila lako ulipofumbua kinywa lilikuwa jambo la hatari.

Wanaozaliwa Kibera wanakwenda njia nyingine. Wanaisimu Paul Kerswill na Ann Williams walichunguza Milton Keynes, mji wa Uingereza uliojazwa na wahamiaji kuanzia 1967, wakakuta watoto wakikua huzungumza zaidi kama wenzao kuliko kama wazazi wao. Ndivyo nisikiavyo Kibera: kijana ambaye mama yake husema sule, na jirani yake wa Makina anayezungumza Kinubi nyumbani, hiyo Krioli ya Kiarabu iliyoletwa na askari kutoka Sudan, wote wakikutana uwanjani hutoa Sheng moja yenye mdundo mmoja. Ukimsikiliza mmoja wao huwezi kumpeleka Siaya kwa Wajaluo wala Bungoma. Unampeleka mtaani kwao, na hapo ndipo anapotaka kujulikana.

Wazazi wao bado wanabeba lafudhi zao, na sheria haijawafikia vizuri. Kwingineko wamejaribu: Novemba 2020 Bunge la Taifa la Ufaransa lilipitisha mswada wa kukataza ubaguzi wa lafudhi, baada ya malalamiko ya muda mrefu ya watu wa kusini waliochekwa mjini Paris. Hapa Kenya, Ibara ya 27 ya Katiba yetu ya 2010 inataja lugha miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, ila lafudhi haikutajwa. Ningependa majaji waisome lafudhi ndani ya neno lugha, kwa ajili ya mama anayepiga simu kuulizia nyumba ya kupanga, akaambiwa imeshachukuliwa kabla hajataja jina lake.