TUKITAKA KUBADILISHA AMPLI YA NYUMBANI, TUANGALIE NINI?



Likizo inakaribia, na wamoja wetu watatumwa na wazazi ku soko ya Kisangani. Baba atasema: "Mwanangu, wewe uko unasoma fizike, uniletee ampli ya nguvu." Feza atakazotoa zimetoka katika mpunga na mihogo ya mwaka mzima. Kwa hiyo inafaa tujue kuchagua, tusinunue kwa kutazama taa zinazong'aa mbele ya chombo.

Kazi ya ampli ni moja: kupokea sauti ndogo ya telefone ao ya radio, na kuikuza mpaka iweze kusukuma bafle. Basi tujiulize maulizo haya.

1. Je, kweli ni ampli inayokosa nguvu?
Tuangalie kwanza bafle. Nyingine zimeandikwa desibeli, maana yake sauti inayotoka zikipewa wati 1, ukiwa mbali ya metre 1. Bafle ya desibeli 90 ikipewa wati 20 inalia sawasawa na bafle ya desibeli 84 iliyopewa wati 80! Tena, kutoka wati 20 kwenda wati 40 kunaongeza desibeli 3 tu, sikio linasikia tofauti kidogo. Ili mtu aseme "sasa inalia mara mbili", inaomba wati karibu mara 10. Pengine bafle nzuri itasaidia kupita ampli mpya.

2. Wati ni za kweli?
Debe tupu haliachi kuvuma. Kwenye katoni utaona "1000 W PMPO". Hesabu ya PMPO haina sheria, kila kiwanda kinaandika namna kinavyopenda. Tafuta wati zilizoandikwa RMS. Kama ampli ni ya batri ya volti 12, tazama fizible, ile waya fupi inayokatika kwa kuokoa chombo. Fizible ya ampea 15 mara volti 12 ni wati 180. Hizo ndizo zinazoingia. Katika ampli ya namna ya zamani (klasi AB), karibu nusu inageuka joto. Sasa wati 1000 zitatoka wapi?

3. Omu zinapatana?
Ampli ikiandikwa omu 4 mpaka 8, usiipe chini ya 4. Bafle mbili za omu 8 zikifungwa sambamba zinakuwa omu 4, ni vizuri. Lakini mbili za omu 4 zikifungwa vile zinakuwa omu 2, na ampli itapata moto mpaka iungue. Zifunge moja nyuma ya nyingine, zitakuwa omu 8.

4. Itakula umeme kiasi gani?
Hapa ndipo penye shida kubwa kwa nyumba inayotumia pano ya jua. Batri ya volti 12 na ampea-saa 70 iko na wati-saa 840. Batri ya risasi haifai kumalizwa, tutumie nusu, yaani 420. Ampli inayokula wati 70 itapiga saa 6, ile ya wati 30 itapiga saa 14. Ampli za klasi D zinatoa kwa bafle karibu wati 85 mpaka 90 kwa kila wati 100 zinazoingia, kwa hiyo zinafaa kwa batri. Tusisahau: batri ileile ndiyo inawasha taa ya kusomea. Ngoma ikilia mpaka usiku, kesho interro tutaifanya na nini?

5. Ni ya volti ngapi?
Kwetu Kongo umeme wa ukutani ni volti 220. Chombo cha okazio kutoka Japani kinaomba volti 100, cha Marekani 120. Ukikichomeka bila transfoma, kinakufa palepale.

Neno la mwisho juu ya kujaribu. Beba bafle yenu kama inawezekana, na wimbo mnaoujua. Rumba yetu, ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu mwaka 2021, ni kipimo kizuri: gitaa ya solo, mi-solo, akompaniema na besi zisikike kila moja mahali pake, na sauti za waimbaji zisifunikwe. Ongeza sauti polepole. Ikianza kukwaruza, rudisha. Watu wanafikiri ampli ndogo haiwezi kuharibu bafle kubwa. Si kweli. Ikilazimishwa inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, na kale ka spika kadogo ka juu ndiko kanaungua kwanza.

Andika basi kwenye karatasi: RMS, omu, ampea, volti. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo mane, umuage kwa heshima, uende kwa mwingine. Mali bila daftari huisha bila habari.

Likizo njema kwa wote.

Prefe wa wanafunzi, darasa la sita