Springi Ngumu Nyuma Haishiki Murram

Msimu wa autokrosi ukikaribia, swali ni lile lile: "Fundi, nyuma niweke springi ngumu kiasi gani ndio gari lishike?" Muulizaji ana Starlet au Subaru iliyong'olewa viti vya nyuma, na jibu keshalipata kwa jirani mwenye Probox ya Kitale–Endebess: kaza.

Jirani huyo hushindana na mizigo. Probox yake inabeba abiria kupita kiasi na magunia ya mahindi kutoka Chepchoina. Bila springi ngumu, mkia ungeburuta chini. Gari la mashindano nyuma ni tupu. Springi ya kubebea magunia ikibebeshwa hewa haibonyei. Kwenye matuta madogo madogo ya murram tairi linadunda badala ya kufuata ardhi, na tairi lililo hewani halisukumi, halikati kona wala halifungi breki.

"Lakini gari linalala kwenye kona!" Lilale. Uzito unaohamia tairi za nje unategemea kimo cha kitovu cha uzito, upana kati ya tairi na ukali wa kona. Kazi ya springi ni kugawa mzigo huo kati ya mbele na nyuma. Ukikaza nyuma, nyuma inabeba sehemu kubwa zaidi: tairi la ndani linanyanyuka, la nje linalemewa, mkia unatoka. Kama injini inasukuma tairi za nyuma, lile la ndani linazunguka bure na kuchimba shimo. Kweli, wanaoendesha gari linalovutwa na tairi za mbele hukaza nyuma kidogo ili ligeuke upesi. Wanafanya hivyo kwa sababu nyuma inapoteza mshiko.

Sasa tuje kwa dawa za mitaani. Ya kwanza ni spesa chini ya springi. Haiongezi ugumu hata chembe. Inainua gari, kitovu cha uzito kinapanda, na shokomzoba inabaki karibu na mwisho wa urefu wake, kwa hiyo tairi likifika shimoni linaning'inia. Ya pili ni mpira unaobanwa katikati ya mizunguko. Huo unaua mizunguko inayofanya kazi, kisha unachomoka upande mmoja katikati ya kona. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi: kukata springi kwa gesi. Mizunguko minane inayofanya kazi ikibaki sita, ugumu unapanda kwa asilimia 33, moto umeharibu chuma, na ncha iliyokatwa haikai sawa kwenye kikombe chake. Hata kubadilisha springi "inayofanana" kuna mtego: waya wa milimita 13 badala ya 12, mengine yote yakiwa sawa, unaongeza ugumu kwa karibu asilimia 38. Macho hayaoni milimita moja. Leta kipimo.

Wengine wanaiga video za Marekani: springi ya kushoto tofauti na ya kulia. Wale huzunguka uwanja wakikata kushoto tu. Autokrosi yetu inakata pande zote mbili.

Na anayedhani ugumu ndio Uafrika akumbuke Safari Rally. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 504 ikashinda 1975 na 1978. Peugeot hizo zilisifika kwa springi laini zenye mwendo mrefu.

Basi fanya hivi. Pima uzito wa kila tairi la nyuma dereva akiwa ndani. Anza na springi laini kabisa isiyogonga mwisho kila mara. Funga kamba ya plastiki kwenye fimbo ya shokomzoba, ukimbie, uone ilikosukumwa: shimo baya kuliko yote ndilo pekee linaloruhusiwa kuimaliza nafasi. Tairi likining'inia, springi isilegee kikombeni. Springi ikikaa asilimia 70 ya urefu wa mkono unaoshika tairi, kutoka kwenye egemeo, tairi linapata asilimia 49 tu ya ugumu wake; ukiihamisha, hesabu upya. Ikilala digrii 20, asilimia 12 nyingine imepotea. Kwenye ekseli nzima, springi zilizo sentimita 100 kutoka moja hadi nyingine, tairi zikiwa sentimita 140, zinatoa nusu tu ya ugumu gari linapolala, ingawa mzigo zinaubeba ule ule. Mvua ikinyesha, legeza. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na shokomzoba ilingane na springi.

Ukiniletea gari lenye mpira katikati ya springi, nitautoa kwanza. Ugumu tutauzungumza baadaye.