Kazi ya Mtaalamu wa Uchumi Serikalini

Wengi hutuuliza kazi yake ni nini. Si kutunza fedha; hiyo ni ya mweka hazina. Yeye hupima kabla fedha hazijatoka.

Twatazama Nachingwea, jirani ya Ruangwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga, ikinuia kulima ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zake Tanganyika. Reli ikajengwa toka Mtwara kabla mvua na udongo havijapimwa sawasawa. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni zaidi ya milioni 35 zimekwisha potea.

Bwana S. Herbert Frankel, mtaalamu wa uchumi wa Oxford, aliyachambua makosa hayo, kisha akatumikia Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, 1953 hadi 1955. Hesabu nzuri, ila zilichelewa! Reli ile iling'olewa miaka ya 1960.