Kutafuta Hitilafu za Njia za URL katika Django

Umetengeneza programu ya maktaba ya shule kwa Django, kiunzi cha kuundia programu za wavuti kwa lugha ya Python. Siku ya kuonyesha mradi wako imekaribia. Unaandika anwani kwenye kivinjari na kupata hitilafu 404: ukurasa haukupatikana. Usibadilishe msimbo kwa kubahatisha. Jiulize kwanza: Django imesoma njia zipi, na kwa mpangilio gani?

Jinsi Django inavyotafuta njia

Njia huorodheshwa kwenye faili la urls.py. Django huisoma orodha hiyo kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye ruwaza ya kwanza inayolingana na anwani. Zilizo chini yake hazitazamwi tena. Jina la tovuti, pamoja na sehemu inayoanza na alama ya kuuliza (kama ?ukurasa=2), havihusiki katika ulinganishaji huu.

Mfano

1. path('vitabu/', orodha)
2. path('vitabu/<str:jina>/', kitabu)
3. path('vitabu/kipya/', ongeza)

Mtumiaji anafungua vitabu/kipya/ ili aongeze kitabu. Njia ya 2 hukubali neno lolote lisilo na alama ya mkwaju (/), hivyo hulinasa neno "kipya" kabla ya njia ya 3 kufikiwa. Funksheni kitabu, ikiwa imetumia get_object_or_404, itatafuta kitabu kiitwacho "kipya", itakikosa, kisha itatoa 404. Njia ya 3 imeandikwa sawasawa, lakini haifikiwi kamwe.

Suluhisho: njia mahususi hukaa juu ya njia ya jumla. Badilisha nafasi za 2 na 3.

Hatua za uchunguzi

(a) Wakati wa kutengeneza programu, hakikisha settings.py ina DEBUG = True. Ukurasa wa 404 utaonyesha ruwaza zilizojaribiwa, kwa mpangilio wake. Ukiona maneno "Raised by", jua kuwa kuna njia iliyolingana, na funksheni yake ndiyo iliyotoa 404. Angalia kama hiyo ndiyo funksheni uliyoikusudia.

(b) Kagua mikwaju. Ruwaza haianzi kwa mkwaju: andika 'vitabu/', si '/vitabu/'.

(c) Kagua include(). Katika path('maktaba/', include('maktaba.urls')), sehemu ya maktaba/ hukatwa kabla ya faili la pili kusomwa. Ukiirudia humo, anwani itakuwa maktaba/maktaba/vitabu/.

(d) Kagua aina ya data. <int:namba> hukubali tarakimu tu. Vitabu/A12/ haitalingana nayo.

Tahadhari: Kabla ya kuiweka programu mtandaoni, andika DEBUG = False. Ukurasa wa uchunguzi humfichulia mgeni yeyote muundo wa programu yako.

Swali la kujipima

Katika mfano wa juu, njia ya 2 imebadilishwa kuwa path('vitabu/<int:namba>/', kitabu), na mpangilio umebaki vilevile. Je, vitabu/kipya/ itafika kwenye funksheni ongeza? Eleza.

Jibu: Ndiyo. "Kipya" si tarakimu, kwa hiyo njia ya 2 hailingani. Django huipita na kufika njia ya 3.