Makala yasiyo na moshi bado yanaua



Huku milimani, Lubero na Butembo, baridi ya usiku si mchezo. Familia nyingi huingiza mbabula chumbani ili watoto walale kwenye joto. Utasikia watu wakisema: "Makala yameshika vizuri, moshi umeisha, hakuna hatari tena." Neno hilo limekwisha kuleta misiba. Tueleze basi joto la makala linatoka wapi, na hatari imejificha wapi.

Joto hilo halianzii ndani ya mbabula. Mti ulipokuwa hai, majani yake yalipokea mwanga wa jua, yakachukua gesi ya kaboni dioksidi hewani na maji kutoka udongoni, yakatengeneza chakula cha mti, na mti ukajenga shina lake. Oksijeni ilirudi hewani. Kwa njia hiyo nguvu ya jua iliwekwa akiba. Kuni zinapowaka, kazi ile inageuzwa: kaboni ya mti inakutana tena na oksijeni, na akiba inatoka kama joto na mwanga. Kiberiti kinaanzisha tu. Baadaye moto unajiendeleza kwa joto lake wenyewe.

Mwanga nao unatokana na joto hilo. Kaa likipata moto wa kutosha hung'aa rangi nyekundu. Tukipepea, oksijeni inaongezeka, joto linapanda, na wekundu unakuwa kama rangi ya chungwa. Ule mwali wa manjano wa kuni ni chembe ndogo sana za masizi zinazong'aa kwa joto.

Mchoma makala hufunika kuni kwa udongo ili hewa iwe kidogo. Maji na moshi mwingi hutoka huko huko porini. Kinachobaki karibu chote ni kaboni. Ndiyo maana kilo moja ya makala ina karibu mara mbili ya nguvu iliyo katika kilo moja ya kuni kavu, na haitoi moshi mwingi. Lakini kukosa moshi si kukosa sumu.

Ili kaboni iungue kabisa, kila chembe yake inahitaji chembe mbili za oksijeni. Chumba kikifungwa, au makala yakirundikana, nyingine hupata moja tu. Hapo inazaliwa gesi nyingine: kaboni monoksidi. Kaboni iliyoishia hapo imetoa chini ya theluthi moja ya joto lake. Miali midogo ya buluu tunayoiona juu ya makala ni gesi hiyo inayoungua ikikutana na hewa. Ile isiyoungua inabaki chumbani.

Haina rangi wala harufu. Ndani ya damu hushika mahali pa oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Aliyelala hapati hata nafasi ya kuamka. Watu wa Goma wanajua mazuku, gesi nzito inayokaa mabondeni. Hii ya mbabula ni tofauti: inaenea chumba kizima, na kulala kitandani juu hakumwokoi mtu.

Kwa hiyo tunawaomba wababa na wamama: mbabula ibaki nje, au jikoni penye madirisha wazi. Msiilaze chumbani, hata kama makala yamefunikwa na majivu, maana bado yanaungua polepole. Kwa baridi, ongezeni mablanketi. Mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu, kichefuchefu au mwili kulegea karibu na mbabula, mtoeni nje mara moja apate hewa safi, kisha mpelekeni hospitali. Wengine wa nyumba hiyo watoke pia, hata kama wanajiona wazima.

Tunaomba tangazo hili lisomwe katika kila kanisa kabla baridi haijazidi.