Funga Chombo Kwanza, Kisha Tawakali

Mashindano ya mashua yana mashabiki wengi, lakini kazi inayofuata baada ya mashindano haina shabiki hata mmoja. Chombo kikishapita alama ya mwisho na vigelegele vikapigwa, watu hutawanyika, huyu kwenye pilau, yule kwenye maulidi. Wanaobaki majini ni baharia mmoja au wawili, kamba mkononi. Naam, ndugu msomaji, usalama wa mashua ile mpaka asubuhi umo katika kamba hiyo, wala haumo katika sifa zilizomwagwa ufukweni.

Mtu wa bara huenda akaliona jambo hili dogo. Kule Munyaka, mtaa wa Eldoret ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kamba hufunga mbuzi au ng'ombe kwenye kigingi, na ardhi iliyoonekana magharibi ndiyo itakayoonekana alfajiri. Kwetu pwani mambo sivyo yalivyo. Maji hujaa na kupwa, yakajaa tena na kupwa tena, na wakati wa bamvua tofauti baina ya kujaa na kupwa katika mwambao wa Kenya hufika kiasi cha mita 3. Mashua iliyofungwa gatini itapanda na kushuka karibu kimo cha watu wawili. Aliyeifunga kwa kamba fupi maji yakiwa yamejaa ataikuta imening'inia kwa omo. Aliyeisukuma chini ya boriti za gati maji yakiwa yamekupwa ataikuta ubavu umenaswa, maji yamo ndani.

Tuchukue mfano wa Lamu, mji wa kale ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001. Huko mashindano ya mashua huambatana na sherehe za Maulidi, ambazo kilele chake katika Msikiti wa Riyadha huwa juma la mwisho la Mfungo Sita. Hapa ndipo kalenda yetu ya mwezi inapokuwa mwalimu wa bahari. Mwezi ukiwa 22 au 23 tunakaribia maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Kisha maji hukua siku hata siku, mpaka mwezi mpya ukiandama huwa ni bamvua tupu. Basi nahodha aliyefika mwanzoni mwa juma akapima kamba yake kwa maji ya siku ile, akaiacha hivyo hivyo, amejipimia hasara. Kamba iliyotosha siku ya kwanza haitatosha siku ya mwisho, na pale mashua ilipoelea bila taabu itakuja kupwelewa, pengine juu ya jiwe.

Lakini mwezi hauelezi yote. Maji hufuata mwezi, na pepo hufuata jua. Mwaka wa Kiislamu hupungukiwa na siku 11 hivi kwa mwaka wa jua, kwa hiyo Maulidi huzunguka misimu yote. Mwaka 2015 siku ya 12 ya Mfungo Sita iliangukia Januari na tena Desemba, yaani katika kaskazi. Mwaka 2024 iliangukia katikati ya Septemba, kusi ikiwa bado haijaisha. Sherehe ni ile ile na maji ni yale yale, lakini upepo unatoka upande mwingine kabisa. Mahali palipokuwa kivulini mwa upepo mwaka ule huenda mwaka huu pakawa wazi kwa mawimbi.

Je, chombo chepesi cha mashindano kifungweje? Kwanza, tanga na foromali vishushwe. Uzito ulio juu hukiyumbisha chombo, na upepo hupata pa kushika. Tena mashua iliyokwisha kupakuliwa mifuko ya mchanga ya farumi ni nyepesi kama kifuu, hivyo kila msukosuko huisikia.

Pili, kamba ya nanga ipimwe kwa kina cha maji yaliyojaa, siyo kwa kina unachokiona. Mabaharia hutoa kamba mara tatu mpaka mara tano ya kina hicho, na zaidi upepo ukikaza. Kina kikiwa mita 4, mita 20 si nyingi. Kamba ndefu huivuta nanga kwa ulalo, makono yakajichimbia. Kamba fupi huinyanyua. Penye msongamano wa vyombo, nanga moja itiwe omo na nyingine tezi, ili mashua isizunguke ikagonga jirani kila mkondo unapogeuka.

Tatu, gatini zitumike kamba mbili au zaidi, za omo na tezi, zilizonyooshwa mbali mbele na nyuma. Kamba ya namna hiyo hufuata maji kwa urahisi kuliko ile iliyofungwa papo kwa papo. Dafrao ziwekwe ubavuni, hata matairi makuukuu yatafaa, na kamba ivishwe kitambaa au mpira pale inaposuguana na ukuta. Kamba ya usumba ya wazee wetu ilivutika na kurudi. Nailoni nayo huvutika. Bali zile kamba za plastiki zinazoelea huliwa na jua, nazo hukatika bila kuaga.

Wenye ngalawa huona afadhali kuzivuta mchangani, juu ya alama ya maji ya bamvua. Ni shauri jema, ila mbao zisiachwe juani siku nyingi bila kufunikwa makuti, kwani hupasuka na maungio hufunguka.

Imepokewa na Tirmidhi kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kutawakali, naye akaelekezwa amfunge kwanza, ndipo atawakali. Ngamia wetu watu wa pwani ni mashua. Aendaye kulala bila kuangalia mwezi, upepo na kamba yake, akasema Mungu atamlinda, hajatawakali huyo, amezembea. Na mashua iliyovunjika usiku haiulizi kama mchana wake ilishinda.