Ukiishia kwa N, Umeshindwa

Muhula uliopita wenzetu wa chama cha Kijapani walitualika karaoke. Tulidhani tunakwenda kuimba tu na kurudi. Kumbe tunakwenda kushindana, na dau lilikuwa chakula: chama kitakachoshindwa kiwapikie wenzao wote. Wao walikuwa kumi na wanane. Aliyewahi kupika pilau ya watu kumi na wanane kwenye jiko la bweni anajua kwamba hilo si dau la mzaha.

Mchezo wenyewe unaitwa shiritori, na Wajapani huucheza tangu utotoni. Shiri ni upande wa nyuma wa kitu, mkia au, tuseme ukweli, makalio. Tori ni kuchukua. Mmoja anataja neno, anayefuata anachukua silabi ya mwisho na kuanzia hapo. Sakura inazaa rajio, yaani redio. Rajio inazaa onigiri, lile donge la wali. Onigiri inazaa ringo, ambalo ni tufaha. Hakuna kurudia neno. Halafu kuna sheria moja ya kifo: neno likiishia kwa n, aliyelitaja ameshindwa palepale. Kijapani kina na, ni, nu, ne na no, kila moja na herufi yake, lakini n iliyosimama peke yake, inayoandikwa ん, haianzi neno la Kijapani. Hukaa katikati au mwisho tu, kama mgeni asiyetangulia mlangoni.

Kwenye karaoke neno ni jina la wimbo, na ukilitaja lazima uimbe. Hapo ndipo ugumu ulipo. Sauti nzuri haikusaidii kitu kama huna wimbo unaoanza na silabi uliyoachiwa. Tena inabidi kukubaliana mapema juu ya mambo madogo madogo. Jina likiishia kwa irabu ndefu, tunachukua nini? Je, ge inaweza kulegezwa ikawa ke? Hili la pili lina maana kubwa kwa mashabiki wa katuni, kwa sababu "Gurenge" ya LiSA, ule wimbo wa mwaka 2019 wa Demon Slayer, unaishia kwa ge, na nyimbo za ge ni za kutafuta kwa tochi. Sisi tulikubali kulegeza, na irabu ndefu tukazifuata jinsi zinavyoandikwa kwa hiragana.

Wengi wetu Kijapani tulichonacho ni cha katuni, wachache wanasoma lugha hiyo darasani. Kwa hiyo tulifungua na tunachokijua: "Zankoku na Tenshi no Teeze" wa Takahashi Yoko, uliofungulia Neon Genesis Evangelion mwaka 1995. Mwisho ni ze. Wenyeji hawakufikiri hata sekunde mbili: "Zenzenzense" wa RADWIMPS, kutoka filamu Kimi no Na wa ya mwaka 2016. Se. Anayesoma Kijapani kati yetu akasimama na "Sekai ni Hitotsu Dake no Hana", wimbo wa SMAP wa mwaka 2003 unaosema kila mtu ni ua la pekee duniani. Na. Wakajibu kwa "Nada Sousou".

Huu tuukalie kidogo. Nada ni machozi kwa lugha ya Okinawa. Kijapani cha kawaida husema namida. Maneno yaliandikwa na Moriyama Ryoko, muziki ni wa kundi la BEGIN la Okinawa, na aliyeufanya upendwe nchi nzima ni Natsukawa Rimi, kwa toleo lake la mwaka 2001. Ni wimbo wa kumkumbuka aliyeondoka, na machozi ndani yake yanatiririka bila kuzuiwa. Unaishia kwa u. Nasi, bila kupanga lolote, tukajibu kwa "Ue o Muite Arukou" wa Sakamoto Kyu, ambao ni wa mtu anayetembea akiangalia juu ili machozi yake yasidondoke. Ulitoka mwaka 1961, na mwaka 1963 ulishika nafasi ya kwanza Marekani ukiwa umepewa jina la chakula, "Sukiyaki", ambacho hakitajwi popote ndani ya wimbo. Chumba kilinyamaza. Wimbo mmoja ulilia, mwingine ukajizuia, na kilichoviunganisha ni herufi moja tu.

Huo nao unaishia kwa u. Wenzetu wakaweka "Ultra Soul" wa B'z, wa mwaka 2001, wote wakaruka na kupiga kelele, na sisi tukaruka nao kama wajinga. Tulipokaa ndipo tulipogundua tumetegwa. Kwa matamshi ya Kijapani, soul ni souru. Tumeachiwa ru.

Ru ni silaha ya kale katika mchezo huu. Vitenzi vingi vya Kijapani huishia kwa ru, lakini maneno ya asili yanayoanza na r karibu hakuna. Mengi ya ru ni ya kukopa. Mchezaji mjanja humsukumia mwenzake ru baada ya ru mpaka akose hewa. "Yoru ni Kakeru" wa YOASOBI unaishia kwa ru. Hata "Idol" wao, unaotamkwa aidoru, hivyo hivyo.

Mmoja wetu alikuwa na wimbo wa ru. Alikuwa nao tangu wiki mbili kabla, akiufanyia mazoezi bafuni: "Ruuju no Dengon" wa Arai Yumi, wa mwaka 1975, ambao Miyazaki aliutumia mwanzoni mwa filamu yake ya Kiki, yule mchawi mdogo, mwaka 1989. Ruuju ni rangi ya mdomo, dengon ni ujumbe. Dengon. Hebu lisome tena mwisho wake. Tulimwambia kwa macho, tukamwambia kwa mdomo, tukamvuta shati. Alishika maiki, akasema hakuja huku kote asiuimbe, akauimba wote. Aliuimba vizuri sana, jambo lililotuudhi zaidi.

Baadaye tuliambiwa dawa ilikuwa "Rupan Sansei no Teema", wimbo wa katuni ya Lupin wa Tatu. Unaishia kwa ma, hapo unapata "Mariigoorudo" wa Aimyon, halafu do inakupa "Dorai Furawaa" wa Yuuri: ua bichi kwanza, kisha ua lililokaushwa. Ushauri wa baada ya mazishi.

Basi tukaanza ubishi. Sisi tunatoka kwenye lugha yenye ndizi, ndoto na ngoma, n haituui. Tukawaambia kwamba katika nchi, nne na nta hiyo n ni silabi kamili peke yake, sawasawa na ya kwao (walimu wa isimu, mtatusamehe kama tumekosea mbele za watu). Wakacheka. Wakasema wachezaji wabishi Japani wana maneno yao ya kujiokolea, na mawili yanayotajwa sana ni N'Djamena na Ngorongoro. Ngorongoro! Kwetu ni picha iliyotundikwa sebuleni kwa shangazi. Kwao ni neno la kukataa kushindwa.

"Lakini ni mahali, si wimbo," wakasema. "Leteni wimbo." Tukapewa dakika tano.

Mmoja wetu alimtumia mama yake ujumbe wa sauti. Shikamoo mama, tunataka wimbo unaoanza na n, haraka. Jibu likaja: marahaba mwanangu, nyimbo zote nzuri zinaanza na n, mmekula lakini? Akapendekeza "Nitampata Wapi" wa Diamond. Waamuzi wakakataa: hiyo ni ni, si n.

Ikabaki dakika moja. Aliyetuokoa ni mwenzetu asiyesema sana vikaoni. "Nkosi Sikelel' iAfrika," alisema. Enoch Sontonga aliutunga mwaka 1897, na kwa hati ya Kijapani jina lake huanza na ん ileile. Waamuzi wakatafuta kwenye simu, wakatazamana, wakakubali. Mashine haikuwa na wimbo huo. Karaoke maana yake ni okestra tupu, kara ni tupu na oke ni okestra. Sasa tukawa hata na hiyo hatuna. Kixhosa hatukijui, tukaomba ruhusa tuuimbe kwa maneno ya "Mungu Ibariki Afrika", yenye muziki uleule. Waliokulia Dar walianza. Wenzetu wa Mombasa na Bukavu walifuata kwa mvumo. Baadhi yetu tuliozaliwa huku tuligundua tunajua ubeti wa kwanza tu, ule wa pili tukawa tunafungua midomo bila sauti, tukiangalia chini.

Afrika inaishia kwa ka. Wakajibu kwa "Kawa no Nagare no You ni" wa Misora Hibari, aliourekodi karibu na mwisho wa maisha yake. Ulitoka Januari 1989, naye akafariki Juni. Walipomaliza, mhudumu akagonga mlango: muda umekwisha.

Nani apike, hadi leo hatujakubaliana. Mechi ya marudiano ni mwezi ujao na zamu ni yetu, kuanzia ni. "Nitampata Wapi" tunao tayari, mama ameshaulizia kama tumeuimba. Unaishia kwa pi. Tukiwaachia pi wataipokea vipi hatujui, lakini beti zote mbili za wimbo ule mwingine tunazifanyia mazoezi kila Alhamisi, chumba kilekile, saa kumi na mbili jioni.